Koh Ker na Beng Mealea kwa siku moja kutoka Siem Reap: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotuandikia wameshakata tiketi ya ndege kwa ajili ya Angkor Wat, hekalu maarufu la Kambodia, na wanataka kujua kama inafaa kutenga siku moja zaidi kwa mahekalu ya mbali. Inafaa. Sababu zake, pamoja na mambo ya kujiandaa nayo, zimo katika majibu haya.

Tunakwenda wapi hasa?

Tunakwenda sehemu mbili za Wakhmeri wa kale, watu walioijenga Angkor, kaskazini mashariki ya mji wa Siem Reap nchini Kambodia. Ya kwanza ni Koh Ker, mji mkuu wa ufalme katika karne ya 10, yapata kilomita 120 kutoka mjini. Ya pili ni Beng Mealea, hekalu kubwa la karne ya 12 lililomezwa na msitu, kama kilomita 70 kutoka mjini. Beng Mealea iko njiani tukirudi, kwa hiyo hatupotezi muda kuifikia.

Nikishaona mahekalu ya Angkor, kama Angkor Wat, Bayon na Ta Prohm, huku nitaona nini kipya?

Utaona vitu ambavyo Angkor haina. Koh Ker ina piramidi ya ngazi saba inayopanda kiasi cha mita 36. Katika usanifu wote wa Wakhmeri hakuna nyingine inayofanana nayo. Beng Mealea ni hekalu la aina moja na Angkor Wat, lenye nakshi za mtindo uleule, ila hakuna aliyelijenga upya. Mawe yamelala pale yalipoangukia. Baada ya kuiona Angkor Wat ikiwa imesimama nzima, hapa unaelewa ilivyojengwa, maana unaziona kuta kwa ndani, viungo vya mawe, na vitundu vya duara ambamo mafundi walichomeka vigingi ili kuyanyanyua.

Kuna pia suala la watu. Alfajiri kwenye bwawa la Angkor Wat unasimama nyuma ya safu za simu zilizoinuliwa juu. Koh Ker kuna mahekalu madogo ambayo, siku ya kawaida, mtakuwa ninyi, mwongoza watalii wenu na ndege wa msituni.

Kampuni nyingine zinaahidi mahekalu matano kwa siku. Kwa nini ninyi mawili?

Kwa sababu Koh Ker peke yake si hekalu moja. Eneo la kale lina mahekalu mengi yaliyotawanyika msituni, na barabara ya kuzunguka inapita karibu na mengi kati ya hayo. Ukiongeza hekalu la Banteay Srei na mlima Kulen juu ya safari hii, saa nyingi zitaishia ndani ya gari, na kila mahali utapewa dakika ishirini za kupiga picha. Sisi hatupangi safari za namna hiyo. Mahekalu haya hayana majina makubwa yanayomvutia mtu kabla hajafika, kwa hiyo yanahitaji muda na maelezo. Ukipita mbio utaona mawe tu.

Koh Ker ilikuwa nini, na kwa nini iliachwa?

Ufalme wa Wakhmeri kwa karne nyingi ulikuwa na makao yake Angkor. Lakini kuanzia mwaka 928 hadi 944 makao yalikuwa Koh Ker, mahali pakavu zaidi, mbali na ziwa kubwa la Tonle Sap lililowalisha watu wa Angkor samaki na kuwapa maji ya mpunga. Aliyetawala hapa alikuwa Jayavarman wa Nne. Katika maandishi ya mawe, mji unaitwa Chok Gargyar.

Ndani ya muda huo mfupi alijenga kwa kasi na kwa ukubwa wa kushangaza. Hekalu kuu ni Prasat Thom. Unaliingia kupitia Prasat Krahom, mnara wa matofali mekundu, kisha unavuka handaki la maji na nyua zenye minara midogo, hadi unapotokea uwanja mpana wa nyasi na piramidi iko mbele yako. Juu yake palisimama linga, alama ya Shiva, mungu wa Kihindu, ambalo leo halipo. Linga nyingine kubwa bado ziko mahali pake katika mahekalu madogo ya kaskazini mashariki, kama Prasat Thneng na Prasat Balang. Simama mlangoni mwa mojawapo na utapata picha ya jinsi mfalme huyu alivyopenda ukubwa.

Maji pia aliyashughulikia. Alichonga bwawa linaloitwa Rahal, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kaskazini mwa mji likajengwa tuta la karibu kilomita 7 la kuzuia mto. Watafiti waliolipima tuta hilo wanaona kwamba mkondo wa kutolea maji ulikuwa mwembamba mno, na huenda tuta lilipasuka katika msimu wa kwanza tu wa mvua. Mfalme alifariki mwaka 941, mwanawe akatawala miaka michache, na mwaka 944 mfalme Rajendravarman akarudisha makao Angkor. Baadhi ya wataalamu wanaliona tuta hilo kuwa sehemu ya sababu. Mimi naona hoja hiyo ina uzito: mji usiokuwa na uhakika wa maji haukai na watu wengi kwa muda mrefu.

Septemba 2023 UNESCO iliiingiza Koh Ker katika orodha ya urithi wa dunia. Angkor iliingia mwaka 1992.

Nimesoma kwamba sanamu za Koh Ker ziliibwa. Ni kweli?

Ni kweli, na ukienda Koh Ker bila kuijua habari hii utapitwa na nusu ya mahali penyewe.

Wachongaji wa Koh Ker walifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yao katika nchi hii. Sanamu za zamani zilisimama wima, zimetulia, nyingi zikishikiliwa na jiwe kwa nyuma. Hizi za Koh Ker zinaruka, zinapigana mieleka, zinapiga magoti, nyingine zikiwa kubwa kuliko binadamu. Katika hekalu la Prasat Chen palikuwa na kundi la sanamu tisa likionyesha pambano la mwisho la marungu kati ya Bhima na Duryodhana, kisa cha Mahabharata, utenzi wa kale wa India, huku ndugu wa Bhima na mashahidi wengine wakitazama. Mtu aliyeingia langoni alijikuta katikati ya ugomvi wa jamaa.

Wakati wa vita vya miaka ya 1970 waporaji waliziangusha. Walizikata kwenye vifundo vya miguu, na nyayo zikabaki zimeshikamana na vitako vyake. Miili ikavushwa mpakani, ikauzwa, ikaishia kwa matajiri na katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 Duryodhana alitokea kwenye katalogi ya mnada wa Sotheby's mjini New York. Wanaakiolojia walishaonyesha kwamba nyayo zilizobaki Prasat Chen zinaoana na mwili ule. Mnada ukasimamishwa, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2014 Duryodhana akarudi nyumbani. Bhima alirudishwa mwaka huohuo na makumbusho ya Norton Simon ya California. Kabla ya hapo, mwaka 2013, makumbusho ya Metropolitan ya New York yalirudisha watumishi wawili waliopiga magoti, nao wa Prasat Chen.

Habari haikuishia hapo. Mfanyabiashara wa sanaa Douglas Latchford, aliyeonwa kwa miaka mingi kuwa bingwa wa sanaa ya Wakhmeri, alishtakiwa New York mwaka 2019 kwa biashara ya mali ya wizi. Alikufa mwaka uliofuata kabla ya kesi kusikilizwa, na binti yake akakubali kuurudisha mkusanyiko wake Kambodia. Desemba 2023 makumbusho ya Metropolitan yalikubali kurudisha sanamu nyingine 14. Waliosaidia sana ni waporaji wa zamani wenyewe, ambao waliwapeleka wachunguzi msituni na kuwaonyesha mahali walipochimba.

Ndiyo maana tunasimama Prasat Chen hata kama jicho halioni mengi. Tunakuomba ufike ukiwa umeshaziangalia picha za sanamu hizo, ili mwongoza watalii akionyesha mahali ujue nani alisimama wapi.

Beng Mealea ilibomoka kwa sababu gani?

Sababu ziko kadhaa, na ya kwanza imo ndani ya ujenzi wenyewe. Wakhmeri hawakujenga tao lenye jiwe la kati la kufungia. Walipanga mawe kila safu ikijitokeza kidogo kuliko ya chini yake, hadi pande mbili zikakutana juu. Paa la namna hiyo haliwezi kuwa pana, ndiyo maana veranda za mahekalu yao ni nyembamba, na ukuta ukisogea kidogo tu paa linashuka lote. Mawe yamekaa bila saruji, yakishikana kwa uzito. Ikaja miti ya jamii ya mkuyu, mizizi ikapenya kwenye viungo. Mizizi ikinenepa inafungua ukuta. Mti ukifa, ukuta uliokuwa ukishikiliwa na mizizi unaanguka nao. Waporaji nao walikata nakshi.

Hakuna jiwe la maandishi lililopatikana hapa la kutaja mjenzi. Wataalamu wanalihesabu kuwa la wakati wa Suryavarman wa Pili, mjenzi wa Angkor Wat, kwa kuangalia nakshi: mungu Vishnu akiwa amebebwa na Garuda, ndege wa hadithi za Kihindu; kisa cha kukorogwa kwa bahari ya maziwa; na nyoka wa vichwa vingi kwenye kingo za njia ya mawe. Hao nyoka wa Beng Mealea ni wa kuwatazama kwa makini, maana vichwa vyao vimebaki vizuri kuliko vingi vya Angkor. Jengo lenyewe limekaa chini, halipandi ngazi kwa ngazi, na limezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 45.

Lilijengwa mahali penye maana. Barabara ya kifalme kutoka Angkor ilipita hapa ikielekea mashariki, na machimbo ya mawe ya mchanga yako jirani, chini ya mlima Kulen. Watafiti wa Kijapani wameorodhesha zaidi ya machimbo 50 katika eneo hilo, na wameonyesha njia za mifereji ambazo mawe yalipitishwa hadi Angkor. Kwa hiyo sehemu ya Angkor Wat ilianza safari yake hapa karibu na miguu yako.

Je, mabomu ya kutegwa ardhini bado yapo?

Katika maeneo tunayotembelea yameondolewa. Njia za watalii za Beng Mealea na Koh Ker zilisafishwa na wataalamu kabla ya kufunguliwa. Ila Kambodia ilitegwa mabomu mengi kwa miongo ya vita, na mkoa wa Preah Vihear, ambamo Koh Ker imo, bado una mashamba na misitu inayoendelea kusafishwa. Kanuni ni moja: usitoke kwenye njia, hata kwenda kujisaidia. Ukiona kibao chekundu chenye fuvu, rudi ulikotoka.

Hapa kuna jambo ambalo msemaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua. Sehemu ya kazi hiyo inafanywa na panya buku kutoka Morogoro. Shirika la APOPO, lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya hao kunusa baruti, kisha huwapeleka Kambodia. Panya buku ni mwepesi mno kulipua bomu, na kwa kuwa anafuata harufu, hapotezi muda kwa misumari na makopo kama kifaa cha kutafutia chuma. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, aligundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, lilimtunuku nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022. Baada yake akaja Ronin, wa Morogoro pia, aliyefikisha mabomu 109 kati ya 2021 na mwanzo wa 2025 akifanya kazi katika mkoa huuhuu wa Preah Vihear, na rekodi ya dunia ya Guinness ikaandikwa kwa jina lake.

APOPO wana kituo cha wageni mjini Siem Reap ambako unaweza kumwona panya akifanya kazi na kusikia maelezo. Hakimo katika safari yetu ya siku moja, lakini tunakihimiza sana kwa siku utakayokuwa mjini, hasa ukiwa na watoto.

Siku inakwendaje?

Tunakuchukua hotelini saa 12 na nusu asubuhi. Barabara ni ya lami na safari ya kwenda Koh Ker ni kama saa mbili na nusu, pamoja na kusimama kwa chai. Tunaanza na Koh Ker kwa makusudi, kwa sababu uwanja wa piramidi hauna kivuli na ngazi za mbao zinazopanda hadi juu hazifai kwa jua la saa sita. Kutoka kileleni unaona msitu pande zote.

Baada ya piramidi tunazunguka mahekalu madogo kwa gari. Usikubali kuikosa Prasat Pram, minara mitano, miwili kati yake ikiwa imekumbatiwa na mizizi kutoka juu hadi chini. Kisha Prasat Chen na mahekalu ya linga. Chakula cha mchana tunakula karibu na Koh Ker au njiani. Beng Mealea tunaifikia alasiri, wakati kivuli cha miti kimetanda, na tunabaki huko saa moja na nusu au zaidi. Siem Reap tunarudi kati ya saa 11 na nusu na saa 1 jioni.

Kwa tuktuk haiwezekani, hata dereva akikuambia inawezekana. Ni mbali mno na vumbi ni jingi.

Lazima niwe na mwongoza watalii? Anazungumza Kiswahili?

Unaweza kukodi gari na dereva peke yake, na sheria haikukatazi. Ila dereva si mwongoza watalii. Waongoza watalii wa Kambodia hupewa leseni na wizara ya utalii baada ya mafunzo na mtihani, na sisi tunafanya kazi na wenye leseni tu. Wao huzungumza Kiingereza au Kifaransa, na mmoja wetu anafuatana na kundi na kufasiri kwa Kiswahili. Wageni kutoka Kongo na Burundi mara nyingine huchagua mwongozaji wa Kifaransa moja kwa moja, nayo ni sawa.

Faida kubwa ya mwenyeji haiko kwenye tarehe. Wengi wao wana wazazi waliopita katika utawala katili wa kikomunisti wa Khmer Rouge, wa 1975 hadi 1979. Muulize kuhusu mahekalu kwanza. Akipenda kusimulia ya nyumbani kwao, atasimulia mwenyewe.

Kiingilio ni kiasi gani?

Beng Mealea imo ndani ya tiketi ya Angkor, ambayo ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu na 72 kwa siku saba. Kwa hiyo ukiwa na tiketi ya siku tatu au saba, siku hii inahesabika kama mojawapo ya siku zako. Koh Ker ina tiketi yake peke yake, dola 15. Watoto wa chini ya miaka 12 hawalipi, lakini chukua pasipoti yao kama ushahidi. Nunua kwa Angkor Enterprise tu, ofisini kwao au kwenye tovuti yao. Tiketi hubeba picha yako, hivyo ya mtu mwingine haikufai.

Kabla ya kulipia safari yoyote, yetu au ya wengine, uliza kama kiingilio kimejumlishwa. Bei nyingi zinazoonekana nafuu zimekiacha nje.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Blauzi au shati lenye mikono ni bora kuliko mtandio, kwa sababu walinzi wa baadhi ya mahekalu hawaukubali mtandio pekee. Kanga au kikoi kina kazi nyingine nyingi siku hiyo: jasho, jua, kukalia jiwe. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza, maana Beng Mealea ina mawe yenye utelezi. Kofia, dawa ya mbu, na maji ya kutosha. Maji ya kwenye gari tunayaleta sisi.

Mimi ni Muislamu, au Mkristo. Kuna shida kuingia?

Hakuna anayekutaka uabudu. Mahekalu haya yalijengwa kwa ajili ya Shiva na Vishnu, na Wakambodia wa leo wengi wao ni Wabudha, lakini utakuta mahali pamewashwa ubani na kuwekwa maua. Pita pembeni, punguza sauti, usiguse sadaka. Mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi. Usimshike mtu kichwani, hata mtoto, na ukikaa usielekeze nyayo kwenye sanamu. Salamu ni kuunganisha viganja kifuani na kuinama kidogo. Asante ni “arkun”. Mtu aliyekuzidi umri kidogo mwite “bong”, ndugu mkubwa. Kwa aliyelelewa kuamkia wakubwa, adabu hii haitakuwa ngeni.

Kwa sala ya adhuhuri na alasiri tunasimama mahali palipotulia, na tunapanga muda kulingana na siku. Tuambie mapema.

Chakula cha halali kinapatikana?

Mjini Siem Reap, ndiyo. Kuna jamii ya Waislamu wa Cham, na karibu na msikiti wao kuna migahawa ya halali. Njiani na Koh Ker hakuna uhakika, kwa hiyo kwa wanaohitaji tunafungasha chakula kutoka mjini asubuhi. Wengine wanakula kwenye vibanda: wali, mboga za kukaanga, kuku, samaki. Ukikuta amok, agiza. Ni samaki wa kupikwa kwa mvuke kwenye jani la mgomba, na tui la nazi, na mtu wa pwani hatahitaji maelezo zaidi. Njiani pia tunanunua wali wa kunata uliopikwa ndani ya mwanzi pamoja na maharage na tui, na sukari ya mvumo inayochemshwa kwenye masufuria makubwa kando ya barabara.

Msimu gani ni mzuri?

Novemba hadi Februari hewa ni nafuu na njia kavu. Machi hadi Mei joto ni kali, na Aprili hukaribia nyuzi 40. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Wakhmeri, na wenyeji wenyewe hufurika mahekaluni. Mvua ni kuanzia Mei hadi Oktoba, kwa kawaida mchana au jioni. Mimi naipenda Beng Mealea wakati wa mvua, mawe na miti vikiwa kijani kibichi na wageni wachache, ila mawe yanateleza na mbu ni wengi.

Wazee na watoto wataweza?

Piramidi si lazima kuipanda, na ukiwa chini unaiona vizuri. Beng Mealea ina njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe, lakini ina ngazi, na kiti cha magurudumu hakipiti sehemu kubwa. Mwenye magoti mabovu tunamshauri Banteay Srei badala yake, hekalu dogo la mawe ya waridi lililowekwa wakfu mwaka 967, ardhi yake tambarare na nakshi zake nzuri kupita zote. Watoto wa miaka saba na kuendelea hufurahia. Wadogo zaidi huchoshwa na gari.

Visa, chanjo na mpaka?

Omba visa ya utalii mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Kambodia, na ujaze kadi ya kielektroniki ya kuwasili kabla ya kupanda ndege. Kadi hiyo ni bure, kwa hiyo tovuti inayokutoza pesa si yenyewe. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, aje na cheti cha chanjo. Wengi hupitia Bangkok. Panda ndege kutoka huko hadi Siem Reap, usitegemee barabara: mwaka 2025 kulikuwa na mapigano kati ya Thailand na Kambodia na vivuko vya nchi kavu vilifungwa. Uwanja mpya wa Siem Reap, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, basi panga usafiri wa kukupokea.

Pesa gani zinatumika?

Dola za Marekani na rieli, kama rieli 4,000 kwa dola. Noti ya dola iliyochanika au kuchakaa hukataliwa. Kuwa na noti ndogo kwa ajili ya vibanda na vyoo.

Naweza kurusha droni?

Bila kibali cha mamlaka, hapana. Kamera na simu ni ruksa.

Je, mnakwenda kwenye mahekalu ya Preah Vihear, Banteay Chhmar au Sambor Prei Kuk?

Sambor Prei Kuk, ndiyo, kwa siku yake. Ni mji wa karne ya 7, mkubwa kwa umri kuliko Angkor, wenye minara ya matofali ya pembe nane, na uko katika mkoa wa Kampong Thom. Uliingia urithi wa dunia mwaka 2017. Hekalu la Preah Vihear (si mkoa mzima wa jina hilo) na Banteay Chhmar yako karibu na mpaka wa Thailand, na tangu mapigano ya 2025 hatupeleki wageni huko. Inauma, kwa sababu ukuta wa Banteay Chhmar wenye Lokeshvara wa mikono mingi, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za wakati wa mfalme Jayavarman wa Saba. Sehemu ya ukuta huo iliibwa mwaka 1998, na mawe 117 yakakamatwa Thailand kwenye lori.

Sanamu zilizorudishwa zinaonekana wapi?

Phnom Penh, katika Makumbusho ya Taifa, jengo jekundu karibu na ikulu, linalofunguliwa kila siku saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Garuda mkubwa unayemkuta mlangoni ametoka Koh Ker, na nyani wawili wanaopigana mieleka, Vali na Sugriva, ni wa Prasat Chen. Ukiweza kupanga, nenda huko baada ya safari hii, si kabla yake. Tunakupa ramani ya mkono ya Prasat Chen inayoonyesha kila sanamu ilisimama wapi. Ichukue uende nayo.